Blofeld arudi, au aundwe adui mpya? Ulinganisho kwa filamu zijazo za James Bond

James Bond alikufa mwaka 2021 mwishoni mwa No Time to Die. Ndani ya filamu hiyohiyo, kabla yake, alikuwa amekufa Ernst Stavro Blofeld, adui wake mkuu na kiongozi wa genge la uhalifu la SPECTRE. Filamu ijayo kwa hiyo inaanza na ukurasa mtupu: Bond mpya, historia mpya na wasimamizi wapya. Februari 2025 ilitangazwa kwamba studio ya Amazon MGM ndiyo itakayokuwa na kauli ya mwisho kuhusu ubunifu, baada ya watayarishaji wa muda mrefu Barbara Broccoli na Michael G. Wilson kukaa pembeni. Baadaye mwaka huohuo Denis Villeneuve alitajwa kuwa mwongozaji na Steven Knight mwandishi wa muswada. Kati ya maamuzi yote yaliyo mbele yao, la adui ndilo litakaloamua mfululizo mzima utaelekea wapi, kwa sababu Bond hubadilika kidogo tu kutoka filamu moja hadi nyingine. Kinachobadilisha filamu ni mtu anayepambana naye.

Hukumu yetu tunaitoa mapema ili msomaji aipime anavyosoma: filamu ya kwanza ipewe adui mwingine, na Blofeld arudi kuanzia ya pili, polepole, bila sura. Akirudishwa kwa haraka kama mwaka 2015 katika filamu ya Spectre, ni heri asirudi kabisa.

Kinachorudishwa ni nini hasa?

Wengi wakimtaja Blofeld wanaona upara, kovu, suti ya kijivu na paka mweupe mwenye manyoya marefu. Hiyo ni sura ya mwaka 1967 tu, ya Donald Pleasence katika You Only Live Twice. Katika riwaya za Ian Fleming, mwandishi aliyembuni Bond, hakuna paka. Sura yenyewe haitulii: katika Thunderball ya 1961 Blofeld ni pande la mtu la karibu kilo 127 lenye nywele nyeusi, na miaka miwili baadaye, katika On Her Majesty's Secret Service, amekonda na nywele zimekuwa za fedha. Kubadilika umbo ni sehemu ya kazi yake. Anayemrudisha kwa kovu na upara anarudisha vazi, si mtu.

Mtu mwenyewe yuko katika wasifu aliopewa na Fleming. Alizaliwa Gdynia, Poland, tarehe 28 Mei 1908 (ndiyo tarehe ya kuzaliwa ya Fleming mwenyewe), baba Mpolandi na mama Mgiriki. Aliajiriwa katika wizara ya posta na simu huko Warsaw. Simu za maandishi zilipita mikononi mwake, akazisoma, akazitumia kucheza soko la hisa, kisha akaanza kuuza nakala kwa mataifa yaliyokuwa yakijiandaa kwa vita. Huyu ni karani aliyegundua kwamba anayeona barua za watu wote hahitaji jeshi. Sidhani kama kuna adui wa zamani katika mfululizo huu anayeweza kuhamishiwa enzi ya seva na simu za mkononi kwa marekebisho machache kuliko yeye.

Juu ya mtu huyo kuna biashara yake, SPECTRE. Katika From Russia with Love ya 1963 genge linaiba mashine ya kufumbua siri, Lektor, ili kuwauzia Warusi kitu chao wenyewe. Katika Thunderball ya 1965 linaiba mabomu mawili ya nyuklia na kudai almasi za pauni milioni 100. Ndani ya filamu ile ya 1963 Blofeld anaonyesha samaki watatu wapiganaji: wawili wanapigana, wa tatu anangoja hadi mshindi achoke. Hiyo ndiyo falsafa nzima. Genge halina nchi, halina itikadi, linakula kwenye ugomvi wa wengine. Watayarishaji walilichagua kwa makusudi: riwaya ya From Russia with Love ilikuwa na SMERSH, idara ya Kisovieti, na filamu ikaweka SPECTRE mahali pake ili isigeuke kuwa propaganda ya Vita Baridi. Sababu ile bado ina nguvu, pengine kuliko zamani, kwa studio inayotaka filamu moja ionyeshwe kila nchi.

Mara alizorudishwa vibaya, na kosa lilikuwa wapi

Hapa panafaa kukaa kidogo, maana makosa ya kumrudisha Blofeld yanajirudia.

La kwanza ni la mpangilio. Vitabu vilikwenda Thunderball, On Her Majesty's Secret Service, kisha You Only Live Twice mwaka 1964. Filamu mbili za mwisho zikabadilishana zamu: You Only Live Twice ikatoka 1967, nyingine 1969. Matokeo yake, Blofeld na Bond wanakutana uso kwa uso ndani ya volkano Japani, na filamu inayofuata Bond anaingia katika makazi ya Blofeld kule Uswisi akijifanya mtaalamu wa nasaba, Sir Hilary Bray, na Blofeld hamtambui. Muswada ulifuata kitabu kwa uaminifu ukasahau filamu iliyotangulia. Waigizaji nao walibadilika: Pleasence, kisha Telly Savalas, kisha Charles Gray mwenye nywele kichwani na asiye na kovu.

La pili ni kupoteza uzito. Mwaka 1969 Blofeld na msaidizi wake Irma Bunt wanamuua Tracy, mke wa Bond, saa chache baada ya harusi: Blofeld anaendesha gari, Bunt anafyatua risasi. Hakuna deni kubwa kuliko hilo katika mfululizo wote. Diamonds Are Forever ya 1971 ikalilipa kwa msako wa dakika chache kabla ya majina ya ufunguzi wa filamu, kisha ikamleta Blofeld mcheshi, mwenye watu waliofanyiwa upasuaji wafanane naye. Mtazamaji aliyetoka akilia mwaka 1969 hakupewa chochote.

La tatu ni la mahakamani. SPECTRE na Blofeld walijitokeza wakati Fleming akiandaa hadithi ya filamu pamoja na Kevin McClory na Jack Whittingham. Fleming aliigeuza riwaya bila kuwataja, akashtakiwa, na shauri likamalizwa mwaka 1963 kwa McClory kupata haki za filamu ya Thunderball. Dai lake ndilo lililoondoa SPECTRE katika muswada wa The Spy Who Loved Me ya 1977, nafasi ikachukuliwa na adui mwingine, Stromberg. Ndilo pia lililofanya mtu mwenye upara na paka katika ufunguzi wa For Your Eyes Only ya 1981 asitajwe jina kabla ya kutumbukizwa kwenye bomba la moshi la kiwanda akiwa katika kiti cha magurudumu. Mwaka 1983 McClory alitumia haki zake kuhakikisha Never Say Never Again inatengenezwa nje ya Eon, kampuni inayotengeneza filamu rasmi za Bond, Max von Sydow akiwa Blofeld. Mgogoro uliisha Novemba 2013, studio ya MGM na Danjaq, kampuni inayomiliki haki za Bond, zilipozinunua haki hizo kutoka kwa warithi wake. Kwa hiyo leo kikwazo hiki hakipo.

La nne ndilo zito zaidi: Spectre ya 2015. Christoph Waltz anaingia kama Franz Oberhauser, mtoto wa mtu aliyemlea Bond kwa muda baada ya wazazi kufariki. Jangwani Moroko anatamka kwamba sasa anaitwa Ernst Stavro Blofeld, jina la ukoo wa mama. Filamu inasubiri mshtuko. Bond hashtuki, na hana sababu: katika historia hii hajawahi kulisikia jina hilo. Anayelijua ni mtazamaji peke yake, na mtazamaji alikwisha kubashiri tangu aliposoma jina la filamu kwenye bango. Miaka miwili kabla, Star Trek Into Darkness ilifanya kosa lilelile na Khan, adui wa zamani wa mfululizo huo. Kanuni inayotokana ni rahisi: jina haliwezi kuwa siri ya kufichuliwa ikiwa halina maana kwa wahusika wenyewe.

Kosa hilo likazaa jingine. Ili Blofeld aonekane mkubwa, iliamriwa kwamba maadui wa filamu tatu zilizotangulia, Le Chiffre, Dominic Greene na Raoul Silva, wote walikuwa watu wake. Silva wa Skyfall alikuwa na kinyongo kinachojitosheleza: M, mkuu wa upelelezi wa Uingereza, alimkabidhi kwa Wachina na yeye akanusurika sumu aliyomeza. Ukimwambia mtazamaji kwamba nyuma ya kinyongo kile kulikuwa na kaka wa kulea aliyeona wivu, umemshusha Silva, na Blofeld hajapanda. Biashara ya samaki watatu imegeuka ugomvi wa nyumbani.

No Time to Die ikaurithi mzigo huo. Blofeld yuko gerezani Belmarsh, na Bond anapewa mkutano mmoja naye. Lyutsifer Safin wa Rami Malek anaingia na kisasi kinachoeleweka: SPECTRE iliua familia yake. Genge linateketea kwenye sherehe Kuba, Blofeld anafuata, na filamu bado ina safari ndefu mbele. Kuanzia hapo Safin anataka kuua mamilioni, na sababu haishikiki, kwa maana sababu yake imekwisha kuzikwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja: adui aliyerudishwa alikula nusu ya adui mpya, naye mwenyewe hakushiba.

Upande wa pili: adui mpya

Kipya kinyemi, na mfululizo huu una ushahidi. GoldenEye ya 1995 ilikuwa na hali inayofanana na ya sasa: miaka sita ya ukimya, Bond mpya, dunia iliyobadilika. Ikaunda Alec Trevelyan, aliyekuwa 006, jasusi mwenzake Bond. Faida yake ni kwamba alimweleza Bond: mafunzo yaleyale, ujuzi uleule, na kila swali analomuuliza Bond kuhusu utii linamgusa mtazamaji asiyewahi kuona filamu hata moja kabla. Filamu ya kwanza inahitaji adui wa aina hiyo, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kumtambulisha Bond.

Casino Royale ya 2006 ilipata njia ya katikati. Le Chiffre anatoka katika riwaya ya kwanza ya Fleming, ya 1953, lakini kwa watazamaji wengi alikuwa mgeni kabisa. Hakubeba sura iliyokwisha kuchezwa sana. Na alikuwa na tatizo dogo linalobana: amepoteza fedha za watu hatari na lazima azirudishe kwa kucheza karata. Adui anayeogopa mtu mwingine huifanya dunia ya filamu ionekane pana bila hotuba yoyote.

Hatari ya adui mpya ni kutoacha alama. Greene wa Quantum of Solace, 2008, ana mpango mzuri kwenye karatasi, wa kuhodhi maji ya Bolivia. Ila hana desturi, hana sauti, hana hata namna ya kuketi inayokumbukwa, na pambano lake la mwisho linamtaka apigane kwa shoka na mtu anayemzidi kwa kila kitu. Muswada uliathiriwa na mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2007 na 2008, na inaonekana. Adui mpya anadai muda mwingi zaidi wa kuandika kuliko wa zamani. Studio yenye ratiba iliyobana isijidanganye kuwa hii ndiyo njia rahisi.

Kuhusu mapato, Skyfall yenye adui mpya ilivuka dola bilioni 1.1 duniani, na Spectre yenye Blofeld ikapata takriban dola milioni 880. Tofauti hiyo isitumike kama hoja peke yake. Skyfall ilitoka katika mwaka wa miaka 50 ya mfululizo, na Spectre nayo ilibaki miongoni mwa filamu za Bond zilizoingiza fedha nyingi zaidi. Kinachothibitika ni hiki tu: jina la Blofeld si la lazima ili watu wajae ukumbini.

Maadui wengine wa zamani

Hawa tuwapitie kwa kasi. Goldfinger amefungwa na wakati wake. Mwaka 1964 bei rasmi ya dhahabu ilikuwa dola 35 kwa aunsi, na mpango wa kuchafua akiba ya Fort Knox kwa mionzi kwa miaka 58 ulipata maana kutokana na mfumo uliovunjwa mwaka 1971. Ukimwondolea mpango ule hubaki na mtu.

Dkt. No hafai bila kuandikwa upya tangu mwanzo. Mwaka 1962 Mchina-Mjerumani huyo aliigizwa na Mmarekani mweupe, Joseph Wiseman, na dhana nzima ya Mwasia wa ajabu aliyejificha kisiwani imechakaa.

Jaws wa Richard Kiel alirudishwa mara moja, 1979, na mwisho wa Moonraker akawa upande wa Bond. Mtu mwenye meno ya chuma akishageuka rafiki, hakuna wa kumwogopa tena.

Scaramanga ndiye pekee anayeshindana na Blofeld kwa ubora. Mwuaji wa kulipwa, dola milioni moja kwa kila kichwa, bastola ya dhahabu, hana ofisi wala jeshi. The Man with the Golden Gun ya 1974 ilimpa Christopher Lee, kisha ikamtwisha mgogoro wa nishati ya jua asiouhitaji. Kwa filamu moja, ya mtu kwa mtu, huyu angefaa sana, na angeweza hata kuwa adui wa filamu ya kwanza.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa mtazamaji mgeni, adui mpya anashinda. Blofeld hamaanishi kitu kwa kijana wa miaka 15. Kwa mfululizo wa filamu tatu au nne, Blofeld anashinda kwa mbali, kwani adui mpya hufa mwisho wa filamu yake na kila mara kazi inaanza upya. Kwa haki za matumizi sasa wako sawa. Kwa dhana ya adui asiye na nchi, SPECTRE imekwisha kujengwa, na jaribio la kuikwepa lilishindikana: genge la Quantum lilizaliwa 2006 na 2008 kama mbadala, na mwaka 2015 likamezwa na SPECTRE yenyewe.

Kwa hatari ya kuchekwa, Blofeld ana mzigo mkubwa. Dr. Evil wa filamu za mzaha za Austin Powers, kuanzia 1997, alichukua suti, upara, kovu na paka vyote kwa pamoja. Mwongozaji akiviweka tena pamoja, ukumbi utacheka kabla adui hajafungua mdomo. Kovu liachwe kwa sababu nyingine pia: tangu 2018 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, imekataa kufadhili filamu zinazotumia makovu ya uso kama alama ya uovu, na watu wenye makovu wamekuwa wakilisema hili kwa miaka. Paka anaweza kubaki. Peke yake, bila suti ile, bado ni ishara nzuri.

Akichaguliwa Blofeld, afanyiwe hivi

Filamu ya kwanza isimtaje. Iwe na adui anayejitegemea kabisa, mwenye sababu yake na mwisho wake, ila kitu kimoja kibaki hakijaelezwa: malipo yaliyotoka kusikojulikana, au mtu anayeitwa kwa namba. Mtazamaji asiyeona alama hiyo asipungukiwe na lolote.

Filamu ya pili iingie chumbani. Kikao cha SPECTRE ni tukio lenye kazi maalumu: linaonyesha sheria ya genge kwa kumwadhibu mmoja wao. Mwaka 1963 Kronsteen, mpangaji hodari, anauawa kwa kisu chenye sumu kilichofichwa kwenye kiatu kwa sababu mpango wake umeshindwa. Mwaka 1965 mjumbe aliyeiba fedha za genge anaunguzwa na umeme kitini mwake. Blofeld haonekani uso, ni mikono na paka tu, na hofu inatoka kwenye nyuso za waliokaa mezani. Filamu zile zilitumia watu wawili kwa kazi hiyo, mwili wa Anthony Dawson na sauti ya Eric Pohlmann. Njia hiyo inafaa hadi leo, na ina faida ya kiutendaji: studio haijifungi kwa mwigizaji mmoja mkubwa kabla haijajua hadithi inakwenda wapi.

Uso usubiri filamu ya tatu, na mwigizaji atakayechaguliwa asaini kwa filamu zote zilizobaki. Mabadiliko ya 1967 hadi 1971 yasijirudie, isipokuwa kama upasuaji wa sura ni sehemu ya hadithi.

Asiwe ndugu, mlezi wala mwanafunzi mwenza wa Bond. Apewe hamu yake mwenyewe. Mwaka 1969 Blofeld anatishia kuangamiza mazao na mifugo kwa virusi, na anachodai ni msamaha na kutambuliwa kuwa Count de Bleuchamp. Amejikata hata ndewe za masikio ili alingane na ukoo huo. Mtu aliyekwisha kuwa na fedha zote, bado anataka cheo ambacho hakuzaliwa nacho: hapo kuna udhaifu wa kweli, na Bond anaweza kuuingilia bila kuwa na uhusiano wowote naye.

Kazi yake ya mwanzo irudi Warsaw, yaani kwenye mawasiliano. Spectre ilijaribu mtandao wa upelelezi wa nchi tisa, lakini ikaukabidhi kwa ofisa wa London, na Blofeld akabaki mtazamaji wa skrini. Awe yeye aliyesimamia nyaya, aliyesoma, aliyeuza kwa pande zote mbili, na mwanzoni hakuna aliyemwona kwa sababu alikuwa karani tu.

Na kila filamu ifungwe kivyake. Muswada wa pili usiruhusiwe kumfanya adui wa filamu ya kwanza kuwa kibaraka wa Blofeld kama haikuandikwa hivyo tangu awali. Ikiwa Knight na Villeneuve hawana angalau muhtasari wa filamu tatu mezani kabla kamera haijawaka, wachague Scaramanga au wamuunde mtu mpya, na mikono ile yenye paka iachwe gizani.